JINSI VIJIDUDU VYA MALARIA VIINGIAVYO KATIKA CHEMBE NYEKUNDU ZA DAMU

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Eldoret



Halmashauri iliniagiza nizungumze mbele yenu juu ya jambo moja lihusulo afya, nami nimechagua malaria. Najua ya kuwa baadhi yenu mtajiuliza: Kwa nini karani, ambaye kazi yake ni kuandika barua na kuhesabu michango, asimame kueleza mambo ya madaktari? Tena, kwa nini malaria, hali sisi tunakaa Eldoret, mahali palipoinuka yapata mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, penye baridi ya kutulaza na mablanketi mawili? Swali la kwanza nitalijibu upesi. Mimi si daktari, bali niliyasoma mambo haya baada ya msiba kubisha hodi mlangoni pangu. Swali la pili ndilo hotuba yangu yote.

Miaka michache iliyopita nilisafiri pamoja na jamaa yangu kwenda nyumbani, pande za ziwa, kumzika baba yangu mdogo. Tulikaa matangani siku sita. Watoto walilala sakafuni pamoja na watoto wenzao, bila chandarua, kama ilivyo desturi nyumba ijaapo wageni. Siku ya kumi na mbili tangu kufika kwetu kule, tukiwa tumekwisha kurudi Eldoret, kijana wangu wa miaka mitano akapatwa na homa. Nikasema, "Ni baridi tu ya Eldoret." Nikamnunulia dawa ya kutuliza homa dukani. Mchana joto lilishuka naye akacheza. Usiku likapanda tena. Niliendelea hivyo kwa muda wa siku nne. Asubuhi ya siku ya tano mama yake alimwita, asiitike. Macho yake yalikuwa wazi, lakini hayakutazama kitu.

Hospitalini walimpima wakaona malaria, tena damu yake ilikuwa imepungua mno. Wanachama wawili wa chama hiki, ambao wameketi humu leo, walitoa damu siku ile ile. Mtoto alipona, na sasa yuko shule. Kosa lilikuwa langu mwenyewe. Wala sitamtwika mtu mwingine. Lakini tangu siku ile nilitaka kujua: Ni jambo gani lililokuwa likitendeka ndani ya damu ya mtoto katika zile siku nne, nami nikimtazama akicheza?

Wahenga wa nchi nyingi walidhani ya kuwa malaria huletwa na hewa mbaya ya mabwawa, na jina lenyewe, lililotoka katika lugha ya Kiitalia, lina maana hiyo. Mwaka wa 1880 daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, akiwa Constantine katika nchi ya Aljeria, alitazama damu ya mgonjwa kwa hadubini akaona ndani yake vijidudu vilivyo hai. Mwaka wa 1897 Ronald Ross, aliyekuwa akifanya kazi Bara Hindi, aliviona vijidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Kwa kazi hizo Ross alipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1902, na Laveran mwaka wa 1907. Tangu hapo hakuna haja ya kulaumu hewa, wala mvua, wala maembe mabichi. Mbu jike wa jamii ya anofelesi ndiye mchukuzi, na mzigo wake ni kijidudu kidogo. Kilicho kikali kuliko vyote, nacho ndicho kilichoenea zaidi katika nchi yetu, huitwa kwa jina la kitaalamu Plasmodium falciparum.

Mbu aumapo mtu, vijidudu vichache huingia pamoja na mate yake. Haviingii katika chembe za damu mara moja. Kwanza hukimbilia katika ini, na huko hujificha muda wa siku sita au saba, huku vikizaana kwa maelfu. Katika siku hizo mtu hasikii neno lo lote. Hula, hucheka, husafiri, hupanda matatu akarudi Eldoret. Kisha ini hufungua, na makumi ya maelfu ya vijidudu vya umbo jipya, viitwavyo merozoiti, humwagika katika damu. Hapo ndipo vita huanza.

Ndugu zangu, tuitazame kidogo damu yenyewe. Katika tone dogo kama kichwa cha pini mna chembe nyekundu karibu milioni tano. Kazi ya chembe hizo ni kuchukua hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini kote. Kila moja ni kama kifuko laini chenye umbo la kitumbua kilichobonyea katikati. Nayo ina upungufu mmoja: haina kiini. Chembe nyingine za mwili zikivamiwa huweza kutoa ishara, na askari wa mwili wakaja. Chembe nyekundu haina uwezo huo wa kupiga kelele. Kwa hiyo kijidudu kikipata kuingia humo, kimepata nyumba yenye chakula na isiyo na mlinzi.

Lakini chembe hiyo haifungui mlango wake kwa hiari. Chembe nyeupe huweza kumeza vitu. Chembe nyekundu haimezi. Basi kijidudu hakina budi kujiingiza kwa nguvu zake, tena upesi, kwa maana kikikaa nje kwa dakika chache tu hupoteza uwezo wa kuingia, na askari wa damu wanaweza kukikamata. Wataalamu wamekwisha kupiga picha za sinema za jambo hili kwa hadubini, nao wanatueleza hatua zake nne.

Hatua ya kwanza ni kugusa. Merozoiti, ambayo upana wake ni sehemu ndogo tu ya upana wa chembe, hugusana na chembe kwa upande wo wote na kushikamana nayo kwa ulegevu. Chembe hutikisika na kukunjamana kama blanketi linalovutwa.

Hatua ya pili ni kugeuka. Kijidudu kina umbo kama la yai, na upande mmoja umechongoka. Katika ncha hiyo ndimo mlimo na silaha zake, zikiwa zimewekwa katika vifuko vidogo. Kwa hiyo hujigeuza mpaka ncha ielekee kwenye utando wa chembe.

Hatua ya tatu ni kujifunga. Vifuko hufunguka na kutoa protini za namna mbalimbali. Moja huitwa RH5, nayo hushika protini ya chembe yetu iitwayo basijini, jambo lililogunduliwa na wataalamu wa Uingereza na kutangazwa mwaka wa 2011. Nyingine hushika vitu viitwavyo glaikoforini, vilivyoko juu ya utando. Kisha hufuata hila moja ya ajabu. Mwizi wa kawaida hutafuta dirisha apate kushika ukingo wake. Mwizi huyu huja na ndoana yake mwenyewe, akaipigilia katika ukuta wa nyumba, halafu akaishika ndoana hiyo hiyo. Yaani kijidudu huchomeka protini zake ndani ya utando wa chembe, kisha hujifunga kwazo barabara.

Hatua ya nne ni kuingia. Ndani ya kijidudu mna mtambo mdogo ufanyao kazi kwa namna ya misuli yetu. Kwa mtambo huo hujivuta mbele kikapenya, na utando wa chembe hukizunguka kama shuka, ukajifunga nyuma yake. Chembe haikupasuka, wala hapakuwa na tundu lililobaki. Tangu kugusa hata kufunga, kazi yote huchukua muda wa dakika moja hivi. Mimi hutumia muda mrefu zaidi ya huo kutafuta ufunguo wa sanduku la Chama.

Kikisha kuingia, kijidudu huanza kula ile rangi nyekundu ya damu, ambayo ndiyo ichukuayo hewa. Baada ya kama siku moja hutokeza vinundu juu ya chembe, na kwa vinundu hivyo chembe hunata katika kuta za mishipa midogo, isipite katika wengu ambamo chembe mbovu huchujwa. Zikinata kwa wingi katika mishipa ya ubongo, mgonjwa hupoteza fahamu. Sasa nayajua macho ya mwanangu yalikuwa yakiniambia nini asubuhi ile. Baada ya saa 48 chembe hupasuka, na mahali pa kijidudu kimoja hutoka kumi na sita au zaidi, pamoja na takataka zake zote. Takataka hizo ndizo ziamshazo homa na kutetemeka. Kila kimoja cha hao wapya hutafuta chembe yake, na ile dakika moja huanza tena.

Hapa, Bwana Mwenyekiti, naomba ruhusa nifanye kazi yangu ya ukarani, yaani hesabu. Tuseme vijidudu 20,000 vimetoka katika ini. Vingine hufa njiani, basi tuseme kila siku mbili huongezeka mara kumi. Siku ya pili vitakuwa 200,000. Siku ya nne, 2,000,000. Siku ya sita, 20,000,000. Na karibu ya hapo mtu huanza kujisikia mgonjwa. Sasa tuziongeze siku nne, zile nilizokaa nikinunua dawa ya kutuliza homa: vitakuwa 2,000,000,000. Siku nne ni mara mia. Dawa niliyokuwa nikimpa ilituliza joto, lakini haikugusa hata kijidudu kimoja. Nilikuwa nazima king'ora cha moto, na moto wenyewe nikiuacha.

Labda mzee mmoja atasema, "Karani, sisi tulizaliwa penye mbu, na damu yetu imekwisha kuzoea." Neno hilo lina kweli ndani yake, nalo lataka kujibiwa kwa heshima, kwa maana watu wa nchi hii wamewafundisha wataalamu wa dunia mengi juu ya damu.

Kwanza, wako vijidudu vingine vya malaria viitwavyo Plasmodium vivax, ambavyo huwasumbua sana watu wa Asia na Amerika ya Kusini. Hivyo hutegemea hasa mlango mmoja juu ya chembe, uitwao Duffy. Katika miaka ya 1975 na 1976 mtaalamu wa Marekani, Louis Miller, pamoja na wenzake, walionyesha ya kuwa mtu asiye na mlango huo juu ya chembe zake haambukizwi kwa urahisi. Na sehemu kubwa ya Waafrika wa pande zetu hawana mlango huo. Wazee wetu wa kale walituachia ukuta bila dirisha.

Pili, Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alifanya uchunguzi wa damu mwaka wa 1949. Aliona ya kuwa chembe za namna ya mundu ni nyingi kwa watu wa pwani na wa kando ya ziwa, ambapo zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na urithi huo, lakini ni haba sana nyanda za juu. Mwaka wa 1954 alitangaza sababu: mtu aliyerithi damu hiyo kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Lakini arithiye kwa wazazi wote wawili hupata ugonjwa mzito wa selimundu, na mtoto wa namna hiyo akipatwa na malaria huwa katika hatari kubwa.

Tatu, na hili ni la juzi, wataalamu wa Kilifi wakishirikiana na wenzao wa Uingereza walichunguza namna ya damu iitwayo Dantu, ambayo ni adimu penginepo lakini huonekana kwa watu wa pande zile za pwani. Dakta Silvia Kariuki na wenzake walitangaza habari zake mwaka wa 2020. Utando wa chembe za Dantu umekazwa zaidi, mfano wa ngozi ya ngoma iliyowambwa vizuri penye jua. Kijidudu huja, hugusa, hugeuza ncha yake, lakini hushindwa kuubonyeza utando huo, nacho hubaki nje.

Basi ni kweli ya kuwa damu za watu hazilingani. Lakini hakuna mtu awezaye kuujua utando wa chembe zake kwa kujitazama katika kioo. Tena Plasmodium falciparum ina funguo nyingi. Ikinyimwa mlango mmoja hujaribu mwingine. Na ile kinga tuliyoipata kwa kuumwa mara nyingi utotoni hupungua mtu akaapo miaka mingi mahali pasipo na mbu wa malaria. Mzee aliyetoka kando ya ziwa akiwa kijana, akakaa Eldoret miaka ishirini, asidhani ya kuwa amerudi nyumbani na ngao ile ile aliyoondoka nayo. Na watoto wetu tuliowazaa hapa Eldoret hawakupata kuwa na ngao hiyo hata siku moja. Baridi ya Eldoret huzuia kijidudu kisikomae upesi ndani ya mbu, na hiyo ni neema. Lakini neema hiyo hiyo huwafanya watoto wetu wawe wageni mbele ya ugonjwa. Tukiwapeleka matangani au sikukuu, twawapeleka mikono mitupu. Wala nyanda za juu zenyewe hazijawa salama daima: kati ya miaka ya 1920 na 1950 milipuko ya malaria ilitokea mara kadhaa katika nyanda za juu za Kenya, na ikarudi tena mwishoni mwa karne ile.

Silaha tunazo. Kuna kipimo cha haraka kihitajicho tone moja la kidole, na majibu yake hupatikana kabla chai haijapoa. Kuna dawa ya mseto yenye asili ya mmea wa artemisia, ambayo mwanamke wa Uchina, Tu Youyou, aliitafiti hata akapewa tuzo ya Nobel mwaka wa 2015. Dawa hiyo huua vijidudu hata vikiwa vingali vichanga ndani ya chembe, kabla havijanata katika mishipa. Ndiyo maana hufaa zaidi ikiwahi. Chanjo ya kwanza ya malaria ilianza kutolewa hapa Kenya mwezi wa Septemba 2019, ikizinduliwa Homa Bay. Nayo huwinda kijidudu kabla hakijafika katika ini. Wataalamu wanajaribu nyingine dhidi ya ile RH5, ili ufunguo uvunjwe mlangoni, na majaribio yake yamefanywa hata Bagamoyo. Lakini silaha zote hizo hazimfai mtu aliyelala nyumbani akisema, "Nitangoja kesho."

Sasa nafika kwenye shauri langu. Wazee wetu, kitabu cha hesabu za Chama ninacho mkononi. Kanuni zetu zasema wazi ni kiasi gani kitolewe mwanachama afapo: sanduku, gari la kuchukua maiti, chakula cha waombolezaji. Ni kanuni njema, nami sitaki iondolewe. Lakini nimeisoma kanuni moja baada ya nyingine, wala sikuona mahali pasemapo ya kuwa Chama kitamsaidia mwanachama nauli ya kumpeleka mtoto mwenye homa hospitali usiku, kabla hajafa. Tuna fedha za kumrudisha nyumbani katika sanduku, wala hatuna za kumfikisha kwenye kipimo akiwa hai.

Kwa hiyo naomba mkutano huu ufikirie mambo manne. La kwanza, mwanachama au mtu wa nyumba yake apatwaye na homa katika mwezi mmoja baada ya kusafiri kwenda pande za mbu, apimwe damu siku ile ile, na amweleze daktari ya kuwa alisafiri na alikwenda wapi. La pili, sehemu ya mfuko itengwe kwa nauli na kipimo, na mweka hazina awe na ruhusa ya kuitoa hata usiku, bila kungoja kikao. La tatu, Chama kinunue vyandarua vyenye dawa vya kuazimwa na jamaa zinazosafiri kwenda matangani, na virudishwe kama vile sufuria zetu zirudishwavyo. La nne, apewaye dawa aimalize yote kwa siku tatu, hata kama homa imekwisha kesho yake. Kwa maana vijidudu vilivyobaki hawatajali ya kuwa yeye amepata nafuu.

Labda mtu ataona gharama ni kubwa. Namwomba akumbuke hesabu yangu: leo ni elfu, baada ya siku mbili ni elfu kumi, baada ya siku nne ni laki moja. Hakuna deni katika mji huu, hata lile la mkopeshaji asiye na huruma, lizaalo riba namna hiyo.

Nimesema kijidudu huchukua muda wa dakika moja kuingia katika chembe ya damu. Dakika hiyo hatuwezi kuiona wala kuizuia kwa macho yetu. Lakini saa ile mzazi aguswapo na joto la mtoto wake kitandani, akafikiri kama avae viatu au alale tena, hiyo tunaiona, na hiyo iko mikononi mwetu. Mimi nililala tena, mara nne. Ninyi msilale.

Nawashukuru wale wawili waliotoa damu yao.